Korodani Ikiuma, Sema Siku Hiyohiyo

Asanteni, kaeni kaeni. Leo naongea na wavulana kwanza, wazazi mtasikilizia pembeni, na tutaita vitu kwa majina yake, korodani ni korodani, maana nimeshapokea vijana wengi waliochelewa kisa tu hilo neno liligoma kutoka mdomoni.

Nyuma ya kila korodani kuna kamrija kembamba kamejikunjakunja, ukikanyoosha kanafika kama mita 6 hivi, na humo ndo mbegu zinapokomaa. Kanaitwa epididimisi. Kakipata maambukizi kanavimba, na huo ndo ugonjwa tunaouongelea. Kijana aliyeshaanza mapenzi, mara nyingi ni klamidia au kisonono, magonjwa ya zinaa hayo, vijidudu vinapanda polepole kwa njia ya mkojo mpaka huko nyuma. Mtoto ambaye hajabalehe ni habari nyingine kabisa, anaweza kuwa kaumia akicheza, au katoka kuumwa virusi, au njia yake ya mkojo ina hitilafu ya kuzaliwa, kwa hiyo mzazi usianze kumhoji mtoto wa miaka 8 alikuwa na nani, nakuomba sana.

Maumivu yake huja polepole, siku moja au mbili, upande mmoja, pumbu linavimba linakuwa la moto, mkojo unachoma, wengine homa, wengine usaha.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri. Kuna kitu kingine kinafanana nacho, korodani kujisokota. Mshipa unaoipelekea damu unajizungusha, damu inakatika, na una kama masaa 6 tu ya kuiokoa vizuri. Hiyo huja ghafla, inaweza kukuamsha usingizini, unatapika, korodani imepanda juu kuliko mwenzake, na inawapata sana wa miaka 12 mpaka 18. Nyumbani huwezi kutofautisha kwa macho, hata sisi tunahitaji ultrasaundi, na daktari akishuku sana anakupeleka chumba cha upasuaji bila kungoja picha. Usikae unameza panado ukisubiri asubuhi!

Kuna kijana alikuja anatembea kaachanisha miguu, mkono mfukoni kaivuta suruali isimguse, namuuliza nini, tumbo. Tumbo, tumbo, mpaka mama yake alipotoka nje ndo akafungua mkanda. Siku ya tatu hiyo! Yalikuwa maambukizi, akatibiwa akapona, ila ingekuwa imejisokota tungeitoa tu, basi.

Matibabu yapo. Kama chanzo ni ngono utachomwa sindano na kupewa dawa ya kuua vijidudu inayoitwa doksisaiklini, asubuhi na jioni siku 10, na unamaliza hata kama umepata nafuu siku ya tatu, na mwenzio lazima atibiwe, hamkutani mpaka wote mmemaliza, la sivyo mnarudishiana. Nyumbani lala chali, kunja taulo uliweke chini ya pumbu liinuke, barafu ifunge kwenye kitambaa kwanza, usiiweke kwenye ngozi, ukisimama vaa chupi inayobana kidogo.

Uvimbe unaweza kukaa wiki kadhaa, huo usikutishe. Ila siku 3 za dawa zikipita na maumivu yako palepale, rudi, pengine jipu linatunga au ugonjwa wenyewe siyo huo. Haya, maswali, na mwenye aibu aandike kwenye karatasi aipitishe huku mbele, sihitaji jina.