Kabla Jua Halijazama: Mwaka wa Sikukuu Ndani ya Sinagogi

Mabibi na mabwana, ahsanteni kwa kufika.

Waislamu mliomo humu mtanielewa upesi nikisema kwamba kwa Wayahudi siku huingia magharibi. Sikukuu ikishaingia, kazi nyingi ni mwiko: kuwasha moto mpya, kukata matawi, kushona, kuandika. Kwa hiyo sikukuu ya sinagogi hufana au huharibika mchana wake, wakati watu bado wana visu na nyundo mkononi.

Kwanza kalenda. Mwezi wa Kiyahudi una siku 29 au 30, kama wa Hijria. Lakini Ramadhani huzunguka majira yote, na Pasaka haizunguki, kwa sababu Torati imeifunga na mwezi ambao shayiri huanza kuiva katika nchi ya Israeli. Basi katika kila miaka 19, miaka 7 huongezewa mwezi wa 13, Adari ya pili. Mpanga ratiba asipoutazama mwezi huo ataiandaa Purimu, sikukuu ya Esta, siku 30 mapema. Hesabu hii haimo kwenye maandiko yenyewe. Semei Kakungulu, mkuu wa Kiganda, alipoishika Torati huko Mbale, Uganda, mwaka 1919, Biblia alikuwa nayo. Hata hivyo inasimuliwa kwamba ni mgeni Myahudi, Yosef, aliyewafundisha Abayudaya, yaani Wayahudi wa huko, majira ya sikukuu mwaka uliofuata.

Mwezi mzito ni Tishri: sikukuu nne ndani ya wiki tatu na ushei. Anayepuliza baragumu lazima aanze mazoezi mwezi mmoja kabla, Eluli, kwa sababu siku ya Mwaka Mpya desturi iliyoenea ni milio 100, na midomo isiyozoea hukata tamaa kwenye mlio wa thelathini. Pembe ni ya kondoo dume; ya ng'ombe haitumiki, ndama wa dhahabu hajasahaulika. Ikaguliwe mchana kweupe, maana ufa wa kwenda urefu unaweza kuibatilisha. Na siku ya kwanza ikiangukia Sabato, baragumu halipulizwi hadi kesho yake.

Kinachowachosha waumini kuliko mfungo wa saa 25 wa Siku ya Upatanisho ni gombo lisilotayarishwa. Gombo la Torati ni ngozi iliyounganishwa kwa nyuzi za mishipa ya mnyama halali, imezungushwa kwenye miti miwili, na mengi yana safu 245 hivi. Siku ya Mwaka Mpya husomwa Mwanzo 21, kisha Hesabu 29. Sinagogi yenye magombo mawili hulizungusha kila moja hadi mahali pa somo lake tangu mchana, kisha hufunga kijikaratasi kwenye mpini ili wasichanganye. Yenye gombo moja italazimika kulizungusha watu wakisubiri. Likizungushwa hapo, walegeze kwanza, wazungushe kwa mipini, wasiguse ngozi kwa kidole. Mwenye haraka akivuta upande mmoja, mshono hufumuka, na gombo lenye mshono uliofumuka linaweza kuwa halifai kusomwa hadi fundi alishone.

Hata wa kuliinua gombo mbele ya watu achaguliwe. Kiebrania husomwa kutoka kulia, hivyo siku ya Furaha ya Torati, Kumbukumbu la Torati linapokwisha na Mwanzo kuanza, uzito wote hulala upande wa kushoto wa gombo lililofunguliwa Mwanzo. Mkono wa kushoto ukiwa dhaifu, asipewe. Alivute hadi nusu itokeze nje ya meza, aikandamize mipini, akunje magoti kidogo, ndipo ainuke. Likianguka, desturi ni waliokuwapo wafunge kula.

Sasa kibanda cha Sikukuu ya Vibanda, ambacho mtu wa huku kwetu anaweza kukijenga vizuri mno na bado akakosea. Kuta kwanza, paa baadaye. Turubai linalopepea kwa upepo si ukuta. Likazwe juu na chini. Paa liwe la mmea uliokatwa, lisikae chini ya mwembe wala chini ya ukingo wa nyumba, na kivuli kizidi jua. Majani ya mgomba hunyauka: Jumatatu yanafunika, Alhamisi jua limezidi kivuli na kibanda kimebatilika, kwa hiyo yarundikwe zaidi au itumike mianzi. Lakini fundi wa makuti anayeezeka hadi tone lisipite naye amezidisha. Wanazuoni wengi hukataa paa lisilopitisha mvua kabisa. Oktoba ni mwezi wa mvua Mbale na Nairobi. Kanuni ni ya huruma: mvua ikinyesha kiasi cha kuharibu mchuzi, watu waingie ndani, wala hawajakosa. Basi pawe na meza ya pili ukumbini.

Katika mimea minne inayoshikwa kwenye sikukuu hiyo, unaoharibika kwanza ni matawi ya mierebi. Yafungwe kwenye kitambaa chenye unyevu na ya akiba yawepo.

Hanuka, sikukuu ya taa, haisumbui: mishumaa 44 kwa nyusiku nane, ukihesabu na ule wa kuwashia, hupangwa kutoka kulia na kuwashwa kuanzia kushoto. Pasaka ndiyo inayotaka mikono. Mikate isiyotiwa chachu isizidi dakika 18 tangu maji yaguse unga hadi iive. Jiko la jumuiya lisafishwe kwa zamu lisibaki na chachu, na kinachosahaulika kila mara ni mifuko ya makoti ya watoto, yenye makombo ya biskuti. Kuanzia usiku wa pili huhesabiwa siku 49 hadi Sikukuu ya Majuma. Aliyeruka siku nzima huendelea kuhesabu, ila bila kutamka baraka.

Tarehe 9 ya mwezi wa Avi, siku ya kuomboleza Hekalu, watu huketi sakafuni, taa zikiwa hafifu. Zikibaki wiki saba kufika Mwaka Mpya, ndio wakati wa kutoa pazia jeupe la sanduku la Torati, lifuliwe na kuanikwa, doa la nta la mwaka jana litafutwe kukiwa bado mchana.