Rejesta Mezani: Musawo Anapodai Haki

Habari za mchana, masista, madaktari, maafisa wa kliniki, na ninyi VHT, timu za afya za vijiji, mliokuja kwa bodaboda na vumbi lote lile. Mada ni wahudumu wa afya, yaani musawo kwa Kiganda, na mambo makubwa: vita, tabianchi, haki za wanyonge. Mimi nitaanzia kwenye kitu kidogo, rejesta ya wagonjwa wa nje iliyo pale kituoni kwenu.

Koti jeupe linaheshimiwa, lakini kamati ya bajeti haitoi pesa kwa heshima. Inataka namba, na namba mnazo. Mnazituma kila wiki kwenye fomu ya ripoti 033b na kila mwezi kwenye fomu 105, kisha mnazisahau.

Tuchukue malaria. Toa jumla za kila wiki za miaka mitano iliyopita. Tuseme wiki ya 20 inakupa tarakimu hizi, ukizipanga kuanzia ndogo: 38, 41, 52, 60, 95. Ya tatu, 52, ndiyo kawaida yenu. Ya nne, 60, ndiyo dari. Mwaka huu mkipata 74, mmevuka dari. Ile 95 usiifanye dari hata kidogo. Huenda ulikuwa mwaka wa mlipuko, na ukiupimia huo utangoja janga lifikie kimo cha janga la kwanza ndipo upige kelele. Chora mistari hiyo miwili kwenye karatasi kubwa ya ukutani, na mvua uichore chini yake. Utaona ugonjwa unafuata mvua baada ya wiki kadhaa, kwa sababu mbu anahitaji muda wa kukua, na vimelea vinahitaji siku kumi au zaidi kukomaa ndani ya mbu. Kwenye baridi vinachelewa zaidi. Ndiyo maana nyuzi chache za joto zina maana kubwa Kabale, kwenye milima yenye baridi, kuliko kule ambako joto ni la kila siku.

Sasa, mahali tunapoteleza. Namba ikishuka, msishangilie haraka. Daraja likisombwa, mgonjwa hafiki. Vipimo vya haraka vikiisha, "malaria iliyothibitishwa" inashuka kwenye karatasi huku watoto wanatetemeka nyumbani. Andikeni pembeni ya rejesta: vipimo viliisha tarehe fulani, barabara ilifungwa tarehe fulani. Bila maandishi hayo, mafuriko yataonekana kama yaliponya watu!

Kosa la pili ni la idadi ya watu. Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu. Mapigano yakipamba moto Kongo, makazi ya wakimbizi ya Nakivale na Kyangwali hujaa ndani ya wiki chache. Wagonjwa wakiongezeka maradufu na watu nao wakawa maradufu, ugonjwa haujapanda. Kilichopungua ni dawa na mikono. Gawanya kwanza wagonjwa kwa idadi ya watu. Usipogawanya, atatokea mtu akuumbue hadharani, na lawama itamwangukia mkimbizi aliyekuja na mtoto mgongoni.

Kuhusu majeruhi wa risasi nitasema kwa ufupi. Anatibiwa kwanza, awe wa upande wowote. Protokali za Nyongeza za Mikataba ya Geneva za 1977, kifungu cha 16 katika ya kwanza na cha 10 katika ya pili, zinakataza mhudumu kuadhibiwa kwa tiba iliyofuata maadili ya kazi. Hesabu yao mnaweza kuitoa, majina kamwe. Na wakiwa chini ya watano katika kijiji, msitaje hata kijiji, taja wilaya. Kijijini kila mtu anajua ni mwana wa nani.

Halafu kalenda. Wengi hupaza sauti Juni, bajeti inaposomwa. Mmeshachelewa: Bunge linatakiwa liwe limeipitisha kufikia 31 Mei, na waraka wa mfumo wa bajeti huwa umepelekwa kufikia 31 Desemba. Mikutano ya bajeti ya wilaya ni ya Oktoba na Novemba. Basi mchoro uwe tayari Agosti, kamati ya kituo iupitishe Septemba, uende LC3, baraza la kata ndogo, kisha wilayani. Ombi liwe na bei na vipimo. "Tabianchi izingatiwe" haina fungu. "Sakafu ya stoo ya dawa iinuliwe sentimita 60 juu ya alama ya mafuriko" inalo.

Watu wa Kasese hawahitaji kuelezwa. Mto Nyamwamba ulifurika Mei 2013 ukaifikia hospitali ya Kilembe. Mei 2020 ukarudi, ukaiharibu vibaya. Kati ya gharika hizo mbili zilipita bajeti saba.

Kuna njia ya mahakama pia, nayo ni ndefu. Mwaka 2011 CEHURD, shirika la kutetea haki ya afya, na wenzake walifungua shauri kuhusu akina mama wawili waliofariki wakijifungua, mmoja Mityana, mwingine Arua. Mwaka 2012 Mahakama ya Katiba ilisema hilo ni suala la siasa. Mahakama ya Juu ikalirudisha lisikilizwe 2015, na Agosti 2020 serikali ikaonekana imekiuka haki kwa kutotoa huduma za msingi za uzazi. Ninalipenda shauri hilo kwa jambo moja ambalo manesi wengi hawalioni: mshtakiwa alikuwa Mwanasheria Mkuu, si sista wa zamu.

Nani aseme kwenye redio? Aliye kwenye ajira ya serikali kanuni za utumishi zinambana asizungumze na waandishi bila ruhusa. Basi chama cha taaluma ndicho kiseme, kikitumia namba zilizokwisha kupelekwa wilayani kwa njia rasmi. Na siku ya kupeleka ombi, wodi ya wazazi isipungukiwe hata mtu mmoja. Waende walio mapumzikoni, na orodha ya zamu ibandikwe mlangoni ili wagonjwa waione.

Naona mmekuja na rejesta zenu. Aliye na wiki ya 20 mkononi asome, tuichore hapa ubaoni.