Mbingu Yenye Wenyeji: Safari za Anga za Juu katika Utamaduni wa Wachina

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wenzangu, mabibi na mabwana,

Saa chache kabla ya Wamarekani kutua mwezini, Julai 20, 1969, kituo cha kuongoza safari hiyo, kilichoko Houston, kiliwasomea wanaanga wake habari za siku hiyo, na miongoni mwake ilikuwamo ya mwanamke wa Kichina aitwaye Chang'e, aliyesemekana kuishi mwezini kwa miaka 4,000 akiwa na sungura mkubwa. Mmoja wa wanaanga alijibu kwa mzaha kwamba watamwangalia wakifika. Kwa Houston yalikuwa maskhara ya kuwachangamsha watu waliochoka. Kwa Mchina, Chang'e ni mtu anayejulikana tangu utotoni: alimeza dawa ya kutokufa, akapaa, akamwacha mumewe Hou Yi duniani, na kila mwaka, usiku wa siku ya 15 ya mwezi wa 8 wa kalenda ya jadi, familia hukusanyika, zikatazama mwezi mpevu na kula keki za mwezi. Hoja yangu inaanzia hapo. Ninashikilia kwamba katika utamaduni wa watu wa kawaida nchini China safari za anga husimuliwa zaidi kama habari za kuondoka na kurejea nyumbani kuliko kama habari za kuvamia pori lisilo na mwenyewe, na kwamba serikali, ambayo ndiyo yenye roketi, imelitumia jambo hilo kwa ustadi bila kuweza kulihodhi.

Ustadi huo unaonekana wazi katika majina. Chombo kilichotua mwezini Desemba 14, 2013 kiliitwa Chang'e 3, na kigari kilichoteremka kutoka ndani yake kiliitwa Yutu, yule sungura wake. Chombo kilichofuata, Chang'e 4, kilipangiwa kutua upande wa mwezi usioonekana kutoka duniani, ambako mawimbi ya redio hayafiki moja kwa moja. Kwa hiyo mwaka 2018 ilitangulizwa setilaiti ya kupokea na kupeleka mawasiliano, ikaitwa Queqiao, kwa kukumbuka daraja linaloundwa na ndege mara moja kwa mwaka ili wapenzi wawili waliotenganishwa na mto wa nyota wakutane. Sidhani kama mhandisi yeyote angeweza kueleza kazi ya setilaiti ile kwa bibi wa kijijini kwa ufupi zaidi ya hapo. Kituo cha anga nacho ni Tiangong, yaani kasri la mbinguni, na setilaiti ya kutafuta mata isiyoonekana, iliyorushwa mwaka 2015, ilipewa jina la Wukong, yule nyani wa ngano ambaye macho yake hayadanganywi na kiinimacho chochote.

Lakini isidhaniwe kwamba mambo yalikuwa hivi tangu mwanzo. Setilaiti ya kwanza ya China, iliyorushwa Aprili 24, 1970 katika miaka ya Mapinduzi ya Utamaduni yaliyopiga vita mila za kale, haikuwa na nafasi kwa Chang'e wala sungura wake. Ilikuwa na uzito wa kilo 173 na kazi moja kubwa, kupiga kutoka angani muziki wa wimbo wa kumsifu Mwenyekiti Mao, ambao redio ziliunasa na kuurusha tena kwa wananchi. Naomba mnisikilize vizuri katika jambo moja dogo la kiufundi. Setilaiti yenyewe ilikuwa ndogo mno kuonekana kwa macho. Basi wahandisi wakaifunga hatua ya mwisho ya roketi, ambayo nayo ilibaki katika mzingo, kitambaa cha kung'aa kilichokunjuka kama sketi na kuakisi mwanga wa jua, ili watu wanaotoka nje jioni wakione kitu kikipita. Yaani mtazamaji alihesabiwa ndani ya mahesabu ya roketi. Tangu hapo hadi leo sijaona safari kubwa ya anga ya China ambayo haikumpangia mtazamaji mahali pake pa kukaa.

Mahali hapo palibadilika Oktoba 2003, Yang Liwei alipokuwa Mchina wa kwanza kurushwa na nchi yake, akaizunguka dunia mara 14 kwa muda wa saa 21 hivi. Mambo mawili yaliyofuata yananivutia kuliko gwaride lolote. La kwanza ni kwamba alipoulizwa kuhusu Ukuta Mkuu alisema hakuuona, na jibu hilo la mkweli likazusha mjadala mkali, kwa sababu vitabu vya shule vilikuwa vimewafundisha watoto kwamba ukuta ule huonekana kutoka angani. La pili ni maziwa. Kampuni ya Mengniu ya Mongolia ya Ndani, jimbo la China ambako chombo cha Yang kilitua, ilijitangaza papo hapo kuwa muuzaji wa maziwa ya wanaanga. Tangu hapo mwanaanga akawa kwenye meza ya kifungua kinywa, na wenye kupenda ushujaa usiochanganywa na biashara wakanung'unika bure.

Aliyemfikisha mwanaanga hadi sebuleni, kwa maoni yangu, ni Wang Yaping. Juni 20, 2013 alitoa somo la fizikia akiwa angani, akatengeneza tone la maji lililoelea kama mpira wa kioo, na wanafunzi wapatao milioni 60 wakamtazama. Aliporudi angani mwaka 2021 kwa miezi 6, gumzo kubwa lilihusu ahadi aliyompa binti yake kwamba atamchumia nyota. Na Aprili 2022, alipotua, mojawapo ya maneno yake ya kwanza mbele ya kamera ilikuwa kumwambia binti huyo kwamba mama aliyekwenda kuchuma nyota amerudi. Mwaka Mpya wa Kichina ulikuwa umewakuta yeye na wenzake kituoni, wakabandika karatasi nyekundu za heri kutani na kutuma salamu kwenye televisheni. Mamilioni ya Wachina hufanya kazi mbali na kwao na hungoja sikukuu hiyo ili warudi. Kila mmoja wao alimwelewa mtu aliyekosa safari ya nyumbani.

Hata hivyo, si kila kitu kinapangwa na wakubwa. Kigari Yutu kilipopata hitilafu Januari 2014, ulikuwapo ukurasa kwenye mtandao wa Weibo uliozungumza kwa sauti ya sungura huyo, nao haukuwa wa mamlaka ya anga. Sungura aliaga kabla ya usiku mrefu wa mwezini, kwa maneno ya mgonjwa asiye na hakika ya kuamka, na watu wakamlilia kama jirani. Mwezi Februari mawasiliano yaliporudi, ukurasa ukauliza kama kuna mtu. Taarifa rasmi hazijui kuzungumza hivyo. Nazo hazikuzungumza mengi baada ya Februari 15, 1996, roketi ilipoanguka karibu na kijiji kilicho jirani na kituo cha kurushia roketi cha Xichang. Serikali ilitangaza vifo 6, na mpaka leo tukio hilo halina nafasi katika hadithi zinazopendwa. Utamaduni huu unajua kuhuzunika kwa ajili ya kigari, lakini umenyamaza kuhusu kijiji.

Fasihi ya sayansi bunifu imepita njia ngumu zaidi. Mwaka 1983 ilishambuliwa katika kampeni dhidi ya kile kilichoitwa uchafuzi wa kiroho, na kwa miaka kadhaa ikabaki na majukwaa machache, mojawapo likiwa jarida lililotolewa katika mji wa Chengdu. Mwaka 2015 mwandishi Liu Cixin akashinda Hugo, tuzo ya kimataifa ya fasihi hiyo, na hadithi yake nyingine ikawa filamu iliyoanza kuonyeshwa Februari 5, 2019, siku ya kwanza ya Mwaka Mpya. Katika filamu hiyo jua linakaribia kufa. Wanadamu hawapandi merikebu kukimbia, bali wanafunga mitambo na kuisukuma dunia yenyewe, nyumba na makaburi yake pamoja. Filamu ina kelele kupita kiasi, lakini wazo hilo halikuazimwa Hollywood. Tena kilichoenea haraka kuliko vita vyote vya ndani yake ni shairi dogo la usalama barabarani linalosomwa na sauti ya mashine, ambalo polisi wa trafiki waliliokota na kulitumia kuwaonya madereva wa kweli.

China imetangaza kwamba itawafikisha watu wake mwezini kabla ya mwaka 2030, na vyombo vitakavyowachukua vimekwishapewa majina, Mengzhou na Lanyue. Nionavyo, hapo ndipo masimulizi haya yatakapopata mtihani, kwa kuwa mpaka sasa kutoka China Chang'e amekuwa akitembelewa na mashine peke yake, nazo hazina mke, mume wala mtoto anayewangoja mezani. Wako watakaotaka siku hiyo isimuliwe kama ushindi dhidi ya Marekani, na wana vyombo vya habari vya kuisimulia hivyo. Sina hakika kama watasikilizwa kuliko mtoto atakayeuliza iwapo baba amemkuta sungura.

Ahsanteni. Mwenyekiti, niko tayari kwa maswali.