Tangazo halina baraza

RUKIA: Assalaam alaykum wasikilizaji wetu, mie Rukia, nipo na Hamad ambae leo kaja na lake moyoni, nimeliona tangu anavua viatu mlangoni.

HAMAD: La mama hilo, Bi Rukia. Si wajua ana presha, basi nikachukua simu yake nikamtafutia kwenye intaneti vyakula gani apunguze. Kuanzia usiku ule kila akishika simu anakutana na unga wa mitishamba, presha inakwisha siku 7, na mzee kavaa koti jeupe la daktari. Akatuma 60,000. Unga ukaja kwa boti, kopo halina hata jina la kiwanda, na vidonge vyake vya hospitali akavitia kabatini.

RUKIA: Subhanallah! Akaviacha kabisa?

HAMAD: Siku 9, mpaka kizunguzungu kikamwangusha uani. Namba ya muuzaji haipatikani. Sasa hajambo alhamdulillahi, lakini mie silali vizuri, maana alieyaita yale matangazo ni mie kwa kidole changu.

RUKIA: Usijilaumu ndugu yangu. Zamani tangazo la sabuni redioni twalisikia sote, wewe na jirani, hili la sasa lamtafuta mtu mmoja mmoja. Ukifungua ukurasa, kabla haujamaliza kufunguka pashapigwa mnada, chini ya sekunde moja, makampuni yanashindania jicho lako kwa kuangalia ulitafuta nini na upo wapi.

HAMAD: Kama mnada wa samaki Malindi hapa Unguja, ila anaenadiwa ni mama yangu.

RUKIA: Ndo hivo, na pesa yake nzito. Aprili 2021 Apple walitoa iOS 14.5, mfumo mpya wa simu zao za iPhone, simu ikawa yakuuliza kwanza, wakubali programu hii ikufatilie kwenye programu nyengine? Wengi wakakataa, na mwanzo wa 2022 Meta, wenye Facebook, wakasema wenyewe jambo hilo litawapotezea kama dola bilioni 10 kwa mwaka ule. Bilioni 10, kwa sababu mtu kaulizwa tu!

HAMAD: Lakini huku wengi twatumia Android.

RUKIA: Nayo ina namba yake ya matangazo, ndo wanayokutambulia wenye matangazo, na inafutika. Ingia mipangilio, nenda kwenye Google, tafuta matangazo, ifute. Matangazo hayaondoki, lakini hayakulengi kama mwanzo.

HAMAD: Nitamfutia leo leo. Na WhatsApp je? Mama dunia yake yote status.

RUKIA: Walioianzisha, Jan Koum na Brian Acton, walikuwa hawataki matangazo kabisa. Facebook wakainunua 2014, kwa bei iliyotajwa dola bilioni 19, na Juni 2025 ikatangazwa kwamba matangazo yanaingia kwenye status. Meseji zako hawazisomi, ila mji uliopo, lugha, chaneli unazofata, hayo yanatumika.

HAMAD: Hapo ndo naumia. Status kwetu ni duka la mtaani. Kuna dada Kikwajuni anauza mabuibui, likikufika limeachia mshono wamfata mpaka barazani kwao, mamaake akujua, unabadilishiwa na juisi ya ukwaju unapewa. Sasa kati ya buibui lake na picha za harusi ya binamu anapenya mtu hana mtaa hana baraza, mama atajuaje yupi ni yupi?

RUKIA: Huandikwa kuwa ni tangazo la kulipiwa.

HAMAD: Kwa herufi ndogo, na miwani ipo juu ya kabati! Tumekubaliana nae, hatumi pesa kabla hajanipigia, na kila kitu cha kula au kunywa tuulize kwanza muuzaji anakaa wapi. Jana saa nne usiku kanipigia, mwanangu, pana mafuta ya magoti hapa. Nikamuuliza duka liko wapi. Kanyamaza, namsikia anasogeza sogeza simu, kisha akasema mbona hawakuandika.

RUKIA: Na vidonge?

HAMAD: Anameza, namhesabia mwenyewe. Kopo la unga ninalo hapa kwenye mkoba, Jumatatu nampelekea daktari wake alitizame.