Usilie, Utamlowesha Mabawa

BEKA: Karibuni tena. Leo tuliwaahidi shetani aliyeshindwa kwa kodiani huko Kolombia, na nguva wa milima ya Andes wanaotia sauti kwenye charango, gitaa dogo la huko. Lakini dada Rehema amekuja mzito.

REHEMA: Juzi tulizika kitoto cha jirani. Mama yake kila akianza kulia, wakubwa wanamwambia, "Nyamaza mwanangu, huyo ni malaika." Nikaukumbuka ule mkesha wa Chile uliowahi kunisimulia.

BEKA: Velorio del angelito, yaani mkesha wa malaika mdogo. Haya, kidogo tu, halafu tumrudie shetani. Vijijini Chile, mtoto mchanga akifa alivishwa nguo nyeupe na mabawa ya karatasi, akaketishwa kati ya maua. Waimbaji wakapokezana mpaka kuche, kwa gitaa au gitaroni, lile la nyuzi 25. Kila ubeti mishororo 10, kila mshororo mizani 8.

REHEMA: Kama kipande cha shairi letu.

BEKA: Ndiyo. Wanaimba uumbaji, wanaimba mateso ya Yesu. Alfajiri mwimbaji anashika nafsi ya mtoto: kwaheri mama, kwaheri baba, kwaherini wasimamizi wangu wa ubatizo.

REHEMA: Na mama asilie.

BEKA: Machozi yatalowesha mabawa, mtoto ashindwe kuruka.

REHEMA: Hapo nakataa, kaka. Wimbo mzuri, lakini umemziba mama mdomo.

BEKA: Haujamziba, umembebea. Mwanzoni mwa karne ya 20 huko Chile, katika kila watoto 1000 waliozaliwa, zaidi ya 200 walikufa kabla ya mwaka. Mama anazika wa tatu, wa nne. Kijiji kizima kinakesha kwake, na mwanawe anamuaga kwa sauti. Wewe unaita kuzibwa?

REHEMA: Anaaga mwimbaji, si mtoto! Mbona Violeta Parra, mwimbaji wa Chile aliyezunguka vijijini miaka ya 1950 akikusanya nyimbo hizo hizo, alipotunga wake roho haikuishia mbinguni tu? Iliingia ndani ya ua, ndani ya kindege. Na yeye alifiwa na kibinti chake akiwa Ulaya.

BEKA: Akamwimbia angelito hata hivyo! Hakuuacha mkesha.

REHEMA: Aliubadilisha.

BEKA: Aliuendeleza.

REHEMA: Niambie basi: yule mama wa juzi, ungemwambia anyamaze?

BEKA: Ningemwimbia.

REHEMA: Hujajibu.

BEKA: Nimejibu, dada. Wewe unataka jibu lako.

REHEMA: Mimi ningemwacha alie mpaka achoke.

BEKA: Na akichoka, nani anakaa naye usiku kucha? Huko kwenye pwani ya Pasifiki ya Kolombia, watu weusi wanapiga ngoma na watoto wanacheza michezo kumzunguka marehemu...

REHEMA: Muda, Beka. Tunaambiwa dakika moja.

BEKA: Na shetani je? Francisco el Hombre, mpiga kodiani wa hadithi, alimshinda kwa kuimba Nasadiki kinyumenyume!

REHEMA: Umeshawaambia mwisho wake. Nguva watasubiri wiki ijayo. Tuandikieni: mama alie, asilie?

BEKA: Aimbiwe!