IFSC: Alama Kumi na Moja za Kufikisha Pesa

(Mhadhara kwa wanafunzi wapya wa Afrika Mashariki, Mysuru, India)

Wadogo zangu, karibuni. Wengi mmeshaulizwa IFSC na mwenye nyumba au ofisi ya ada, mkabaki mnatazamana. Leo tuifungue: ni msimbo wa alama kumi na moja unaotambulisha benki na tawi lake hapa India.

Andikeni: SBIN0000300. Hilo ni tawi kuu la State Bank of India, Mumbai. Herufi nne za mwanzo ni benki. Alama sita za mwisho ni tawi. Ile ya tano, hapo kati, ni sifuri kwa benki zote. Imewekwa akiba kwa matumizi ya baadaye.

Nasisitiza sifuri kwa sababu iliniumiza. Mwaka wangu wa kwanza nilinakili msimbo kwa mkono, pale pa sifuri nikachora herufi O. Fomu ikarudishwa, siku ya mwisho ya ada ikapita, nikalipa faini kwa pesa ambayo mama alinitumia ya chakula. Kwa hiyo someni polepole, mkiwekea kidole kila alama.

Jambo la pili linahusu mji huuhuu. Zamani palikuwa na State Bank of Mysore, misimbo yake ikianza na SBMY. Tarehe 1 Aprili 2017 benki hiyo iliunganishwa na State Bank of India, na matawi yake yakapewa misimbo mipya. Ukiokota msimbo kwenye karatasi ya miaka mingi, usiuamini. Angalia kwenye hundi au kitabu cha benki cha sasa cha huyo unayemlipa.

Lakini msimbo unafikisha pesa tawini tu. Inayoamua iingie kwa nani ni namba ya akaunti. Ukikosea tarakimu moja, na akaunti hiyo ikawapo, pesa yaweza kuingia kwa mtu usiyemjua hata kama jina uliliandika sawasawa. Tangu Aprili 2025 benki za hapa zinatakiwa kukuonyesha jina la mwenye akaunti kabla hujatuma kwa NEFT au RTGS, njia mbili za kuhamisha pesa kati ya benki za India. Lisome jina hilo ndipo ubonyeze.

Wazazi wakituma kutoka Dar es Salaam au Nairobi, IFSC peke yake haitoshi, maana ni ya ndani ya India. Benki ya kule itataka msimbo wa SWIFT, yaani ule wa kutambulisha benki kimataifa. Watumieni yote mawili, pamoja na jina lenu kama lilivyo benki.

Haya, toeni vitabu vya benki. Wewe wa mbele, tusomee wako, alama moja moja.