Kabla ya Kufunga Mtungi: Mhadhara kwa Wasimamizi wa Magari ya Kazi, Dar es Salaam

Ndugu wasimamizi wa usafirishaji, habari za asubuhi, na karibuni sana.

Wengi wenu mmekuja na swali moja: tufunge mfumo wa gesi asilia kwenye magari yote, au tusubiri? Jibu limo kwenye daftari la safari la kila gari. Fungueni daftari hilo kwanza, gereji baadaye. Gari linalostahili gesi ni lile linalotembea sana, linalopita karibu na kituo cha gesi kila siku, na lenye injini ya petroli ambayo bado ni nzima. Likikosa moja kati ya hayo matatu, liacheni kwanza.

Gesi asilia ya Songo Songo, kisiwa cha Kilwa mkoani Lindi, iligunduliwa mwaka 1974, ikaanza kuzalishwa kwa matumizi mwaka 2004. Karibu yote ni methani. Kwenye gari hushindiliwa hadi mgandamizo wa baa 200, na huuzwa kwa kilo. Hapo ndipo hesabu za wengi zinapoharibika, maana wanalinganisha kilo na lita. Kilo moja ya gesi ina nguvu ya takriban lita moja na nusu ya petroli. Gari la kilomita 10 kwa lita litategemewa kwenda kilomita 15 hivi kwa kilo.

Tupige hesabu. Bei mtaweka za siku yenyewe. Kwa mfano tu, tuseme petroli ni shilingi 2,900 kwa lita, gesi 1,550 kwa kilo, na kufunga mfumo ni shilingi milioni 2. Kilomita 100 kwa petroli ni lita 10, yaani shilingi 29,000. Kwa gesi ni kilo 6.7, kama shilingi 10,400. Mmeokoa 18,600. Ukiongeza petroli kidogo ya kuwashia injini ikiwa baridi, mfumo unajilipa kwenye kilomita 12,000 hivi. Gari la kusambaza bidhaa linalotembea kilomita 150 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, linafika hapo kwa miezi mitatu. Gari la mkurugenzi linalotembea kilomita 600 kwa mwezi litachukua miezi ishirini.

Inapendeza, lakini foleni ya kituo cha gesi haimo kwenye hesabu hiyo, na foleni ndiyo inayotutia wasiwasi kuliko kitu kingine chochote.

Mtungi wa chuma wa lita 60 unaingiza takriban kilo 10, ukijazwa kwa utulivu. Pampu ya haraka haifanyi hivyo. Gesi inapoingia kwa kasi kwenye mtungi unaokaribia kuisha, inashindiliwa na kupata joto. Shikeni mtungi dakika hiyo mtausikia umepata moto. Geji inasoma 200, pampu inakata, dereva anaondoka. Baada ya saa moja gesi imepoa na geji imeshuka hadi 170 hivi. Dereva anadhani ameibiwa, au mfumo unavuja. Hakuna aliyemwibia: kilo alizolipia zimo, ila mtungi haukujaa. Kwa joto la Dar es Salaam pangeni ratiba zenu kwa kilo 8 au 9, yaani kilomita 120 hadi 135.

Kwa hiyo gari letu la kilomita 150 litajaza kila siku, na siku nyingine mara mbili. Kama kila siku linakaa foleni saa mbili, na kazi yake inaingiza shilingi 15,000 kwa saa, limepoteza 30,000. Gesi ya siku nzima iliokoa 27,900. Mmefanya kazi kwa hasara na karatasi za mafuta zinaonesha faida!

Dawa zipo. Jazeni usiku au alfajiri, kwa zamu, si magari yote kwa pamoja. Zungumzeni na mwenye kituo juu ya saa maalumu za magari yenu. Pendeleeni kituo kilichounganishwa na bomba, kama kituo mama cha Barabara ya Sam Nujoma, kuliko kituo kinacholetewa gesi kwa lori, ambacho lori likichelewa mgandamizo unashuka na mnaondoka na nusu mtungi. Mtungi wa pili pia unasaidia, ila mmoja wa chuma una uzito wa kilo 60 na zaidi. Uzito huo unatolewa kwenye mzigo, na springi za nyuma zikaguliwe kabla. Na dereva anayekwenda foleni saa kumi alfajiri yuko kazini. Alipwe saa hizo, na apumzike kabla ya safari ndefu. Hilo tunalisema kwa uzito wote.

Sasa gereji. Mfumo una mtungi na valvu yake, bomba la chuma la milimita 6, regyuleta inayoshusha mgandamizo kutoka baa 200 hadi kama 2, filta, injekta za gesi, na kompyuta yake. Regyuleta inapashwa joto na maji ya rejeta, kwa sababu gesi inapotanuka ghafla inakuwa baridi kali. Maji yakipungua, regyuleta inaganda barafu nje huku jua linawaka, na gari linarudi kwenye petroli lenyewe. Mafundi wengi hukimbilia kompyuta; angalieni maji kwanza.

Kabla ya kufunga, pimeni kompresheni ya kila silinda ya injini. Injini inayokula oili haitaponywa na gesi. Methani inahitaji cheche yenye nguvu zaidi, hivyo plagi zilizochoka na koili dhaifu zilizovumilika kwenye petroli zitaanza kukosa mlio hapo hapo. Nguvu ya injini itapungua kidogo, asilimia 10 hivi, kwa kuwa gesi inachukua nafasi ya hewa. Waambieni madereva mapema ili wasilitese gari kwenye mlima. Msicheleweshe oili eti bado ni safi. Kwenye gesi oili haiwi nyeusi haraka, lakini inachakaa vile vile.

Kosa linalotusikitisha zaidi, kwa kuwa ni rahisi kulizuia, ni kuacha tanki la petroli likauke. Pampu ya petroli iko ndani ya tanki na inapozwa na petroli yenyewe. Mifumo mingine huiacha izunguke hata gari likiwa kwenye gesi. Wekeni sheria kwamba petroli isishuke chini ya robo tanki, na gari liendeshwe kwa petroli kilomita chache kila wiki ili injekta zisigande.

Mtungi ununuliwe ukiwa na cheti na mhuri wa kiwango cha ISO 11439, unaoonesha tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi. Mtungi wa oksijeni haufai kabisa, hata ukipakwa rangi. Mtungi wa gesi usichomelewe kitu chochote juu yake. Kati ya mkanda wa chuma na mtungi kuwe na mpira, na ukiwa ndani ya buti, valvu ifunikwe na mfuko wenye bomba la kutolea gesi nje ya gari. Baada ya kilomita 1,000 rudisheni gari: mtikisiko umelegeza viungo. Pakeni povu la sabuni kila kiungo na msubiri kidogo. Uvujaji mdogo hutoa viputo vidogo vinavyoongezeka taratibu. Msikaze kiungo kikiwa na mgandamizo. Fungeni valvu ya mtungi, toeni gesi bombani, ndipo mkaze.

Methani ni nyepesi kuliko hewa, inapanda. Gereji yenye dari iliyozibwa na taa za kawaida juu ni hatari. Iwe na matundu darini. Gari likienda kupakwa rangi na kukaushwa kwa oveni, mtungi utolewe.

Malori ya dizeli ni habari nyingine. Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Ama injini inachoma gesi na dizeli kwa pamoja, ama inabadilishwa kwa kina, kompresheni ikishushwa. Kwa malori mazito tunashauri mnunue yaliyotengenezwa kiwandani kwa gesi. Na magari ya njia moja yanayolala yadi kila usiku, yapimeni pia kwa umeme. Mabasi ya umeme yanabeba abiria Nairobi tangu 2022.

Anzeni na magari matatu. Andikeni kilo na lita kwenye safu tofauti, na dakika za foleni kwenye safu ya tatu. Yakifika kilomita 5,000, leteni hizo safu tatu mezani kabla ya kusaini malipo ya gari la nne.